Kuya: Neno Lililokwenda Pande Mbili

Wadogo zangu mliobaki ofisini mmenisumbua vya kutosha. Tangu siku ya kuniaga, mliponikatia keki yenye jina langu lililoandikwa vibaya, kila anayenipigia simu anamalizia na, "Mama Mbombo, andika basi." Haya, naandika. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayafurahishi kuyasoma, na mengine hayakufurahisha hata kuyapokea. Nitawaambia juu ya kazi yenyewe: kusimama katikati ya watu wawili, mmoja anataka mwenzake aje, na mwenzake tayari anaondoka.

Nianzie nyumbani, maana kazi ya ukalimani niliianza pale kabla sijaota meno ya utu uzima. Baba alikuwa mtu wa Kasai. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wale walioletwa kuchimba shaba. Mama alikuwa Mubemba. Tulikaa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi iitwayo Panda, katika nyumba ya matofali yenye ukuta mmoja wa pamoja na jirani, kwa hiyo ugomvi wetu ulikuwa wao na wao ulikuwa wetu. Baba alisema Tshiluba. Mama alisema Kibemba. Sisi watoto, pamoja na mtaa mzima, tulisema Kiswahili chetu cha Likasi.

Sasa sikilizeni balaa. Kwa Kiswahili chetu, "kuya" ndiyo ile "kuja" ya watu wa pwani. Ukisikia "kuya hapa", unasogea. Lakini kwa baba, kuya ni kwenda. Na kwa mama pia, kuya ni kwenda. Baba alipotaka niende dukani aliniambia kwa lugha yake, "Ya!" Nami, mtoto wa mtaani, nilikuwa nakwenda kusimama mbele yake. Anarudia, "Nimesema ya!" Nasogea zaidi. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kugusa magoti yake, nikimtazama machoni kwa utii mkubwa, na yeye hajui kama anipige au anibebe. Mama huko jikoni alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Hivyo nilijifunza mapema kwamba neno linaweza kukushika mkono na kukupeleka usikotumwa.

Nilipomaliza shule, nikiwa na Kifaransa cha darasani na lugha tatu za nyumbani, nilichukuliwa katika karakana moja kubwa ya mitambo pale Panda, niwe msaidizi wa Papa Mwansa. Papa Mwansa alikuwa mkalimani wa karakana: mtu mfupi, koti la buluu, mfukoni karanga za kukaanga upande mmoja na chaki upande mwingine. Mara nyingine alikosea mfuko. Nilimwona akitafuna chaki, akasimama kidogo, akaendelea kutafuna, maana mkubwa wa kazi alikuwa anamtazama.

Karakana ile ilikuwa na winchi kubwa iliyotembea juu kwenye reli, ikibeba mizigo ya chuma kutoka upande mmoja hadi mwingine. Winchi ilikuwa moja, lakini ilikuwa ikiendeshwa na lugha nne. Mkubwa wa kazi, Mzungu mmoja mwenye masharubu, alitoa amri kwa Kifaransa. Waliofunga minyororo walikuwa watu wa Kasai. Wapita njia wote walitoa ushauri kwa Kiswahili. Na kule juu katika kibanda alikaa dereva mgeni aliyetoka upande wa mpakani mwezi ule ule, Mubemba safi, Kiswahili chake bado hakijashika.

Siku yangu ya kwanza sikupewa kusema kitu. Niliambiwa nitazame. Mkubwa wa kazi akataka kasha la vyuma lisogezwe kwake. Kabla Papa Mwansa hajafungua mdomo, kijana mmoja wa kufunga minyororo, mwenye bidii kuliko alivyoombwa, akapaza sauti kwa Kiswahili cha mtaa: "Ikuye! Ikuye huku!" Yeye alimaanisha lije. Dereva kule juu akasikia kuya ya kwao. Kasha likageuka taratibu, kwa heshima zote, likaenda zake hadi mwisho wa karakana na kuning'inia juu ya meza ambapo mkubwa wa kazi alikuwa amepanga chakula chake cha mchana.

"Ikuye!" akalia kijana.

Kasha likateremka kidogo.

Papa Mwansa akachukua kipaza sauti, akasema maneno mawili ya Kibemba, na kasha likasimama shubiri moja juu ya mkate. Mkubwa wa kazi akavua kofia, akajifuta jasho, akasema kwa Kifaransa kwamba asante, alikuwa hana njaa sana.

Baadaye Papa Mwansa alinivuta kando. Akachora sakafuni misalaba miwili kwa chaki.

"Mutoto, uone hapa. Ule muntu anasema, amesimama hapa. Ule anasikia, amesimama hapa. Muzigo iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Sasa uniambie: muzigo inakuya, ao inaenda?"

Nikafikiri. "Kwa huyu inakuya. Kwa huyu inaenda."

"Njo vile! Kwa hiyo usifungue kinywa mbele ya kujua kila muntu amesimama fasi gani, pahali gani. Maneno ya kuya na kuenda haina na maana ya yenyewe. Iko naazima maana kwa miguu ya muntu."

Kisha akanipa karanga. Nilizichunguza kwanza.

Huo ndio msingi wa kazi yangu yote, na vyeti vyote nilivyopata baadaye havikuongeza mengi juu yake. Papa Mwansa mwenyewe aliepuka maneno yale pale ilipowezekana. Alisema "upande wa mlango" au "upande wa ukuta", kwa sababu mlango hauhami. Jumapili alikuwa mkalimani kanisani kwetu, na huko hakuwa na bahati ya kuchagua. Alikuja mhubiri mgeni, mtu wa sauti nzito, akawaita watu mbele: "Kuya! Kuya leo!" Wenyeji wakasogea madhabahuni wakilia. Mstari mmoja wa wageni Wabemba wakasimama kwa adabu, wakakusanya watoto wao na kuelekea mlangoni. Papa Mwansa ikabidi awakimbilie hadi uani. Alirudi nao akiwa anahema, na mhubiri akashuhudia kwamba hajawahi kuona roho zikiokolewa kwa mbio kiasi kile.

Miaka ikapita. Karakana ikapungua sauti, watu wakatawanyika, Papa Mwansa akaenda kulima mahindi Kapolowe. Mimi nikaajiriwa na kampuni ya wageni waliokuja kufungua kiwanda kidogo nje ya mji, na huko ndiko nilikokutana na Chen.

Chen alikuwa injinia kijana kutoka China. Kifaransa chake kilikuwa kimetoka kitabuni, kimepigwa pasi, hakina mkunjo hata mmoja. Wiki yake ya kwanza alinijia na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Madame Mbombo, yule fundi ananidharau. Namwita, ananiangalia, anasema 'nakuya', halafu anageuza mgongo na kuondoka."

Nikamwita fundi. Akashangaa. "Mama, miye nilimuambia muzuri, nakuya! Nilienda kukamata funguo."

Nikamweleza Chen kwamba kwetu mtu akiondoka kwa muda mfupi anasema anakuja. Anakutangazia mwisho wa safari, mwanzo unauona mwenyewe. Chen akatoa kalamu, akaandika mkononi mwake. Baadaye aliniambia kwamba kwao neno la mwendo hupewa mkia. Kuna "lai", kuja kwa aliyesema, na kuna "qu", kwenda mbali naye. Mtu aliye juu ya ngazi akikuita upande kwake, anasema panda-lai. Mkiwa wote chini naye akikutuma juu, anasema panda-qu. Ukitoka chumbani, aliye nje anasema toka-lai, aliye ndani anasema toka-qu.

"Sisi tunasema toka tu," nikamwambia.

"Na mtu anajuaje kama anaitwa au anafukuzwa?"

"Anatazama uso."

Akaandika hilo pia.

Kwa upande wake aliniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiri. Natoka nyumbani, niko nyumbani, naenda nyumbani: mbona "nyumbani" ni ile ile? Mwelekeo uko wapi? Kifaransa kingebadilisha kineno cha mbele, walau kwenye kutoka, Kichina vilevile. Nilifikiri siku nzima. Nikamjibu kwamba kwetu mzigo wote wa safari unabebwa na kitenzi. Nyumba haina haja ya kujua kama ninaijia au ninaikimbia.

Nilifanya naye kazi nyingi za nje. Ninayoikumbuka kwa kicheko ni siku tuliyokwenda Koni, kwenye kituo cha umeme cha mto Lufira, kupokea mtambo mmoja wa kuazima. Dereva wetu alipotea njia. Tukamuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo. Akanyoosha midomo kuelekea kilimani, akasema, "Kule." Tukaenda, hatukuona kitu. Tukamuuliza mzee wa baiskeli. Akainua kidevu: "Kuuule." Tukaenda zaidi. Mwanamke mwingine, mwenye ndoo kichwani, akafumba macho na kusema, "Kuuuuuuule," sauti ikipanda kama filimbi.

Chen akaniuliza wamejibu nini.

"Wote wamejibu neno moja."

"Hapana," akasema. "Wa kwanza alisema karibu, wa pili mbali, wa tatu mbali sana. Tunazidi kupotea. Geuza gari."

Tukageuza, na alikuwa sahihi. Dereva alimheshimu tangu siku hiyo. Nami niliona kwamba mwanafunzi huyu anasikia vitu nilivyokwisha kuvizoea hadi sivisikii tena.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mnaniulizaga kila mara, wengine mkiwa mmeisikia kwa watu waliokuwa hawapo.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua ofisi asubuhi, Mama Fideline akaingia akikimbia, kitenge kimemwangukia hadi kiunoni. Mumewe, Kasongo, alikuwa mchimbaji wa mkono katika kilima kimoja nyuma ya Panda. Nilimfahamu vizuri mama huyu; tuliimba kwaya moja.

"Yaya, dada yangu, udongo imeanguka! Kasongo iko ndani! Yeye na ule kijana wa Kasai!"

Shimo lile halikuwa letu. Chen hakuuliza la nani. Aliuliza liko wapi, akapanda mwenyewe kwenye mashine yetu kubwa ya kuchimba pembeni ya dereva wake, na tukaondoka msafara mzima.

Kilima kilikuwa na matundu mawili. La mbele ndilo mlango ulioporomoka. Huko Chen alianza kuchota udongo taratibu. La nyuma lilikuwa kisima cha zamani, chembamba, kilichoshuka wima hadi kwenye njia ile ile ya chini. Wachimbaji walikwisha kuteremsha kamba pale. Nilipewa redio ya mkononi, nyingine ikabaki kwa Chen, nikatumwa tundu la nyuma, kwa sababu huko kulisikika sauti.

Na kweli ilisikika. Ilikuwa ya Kazadi, yule kijana wa Kasai. Alikuwa amefika Likasi karibuni tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Kwa maneno yake machache yaliyokatikakatika tulielewa kwamba Kasongo amevunjika mguu na amezimia kwa maumivu, na kwamba Kazadi anamburuta juu ya gunia gizani. Pale juu palikuwa na vijana wa machimbo, akina mama wa kanisa wakiomba kwa sauti, na Mama Fideline aliyepiga magoti ukingoni hata ikabidi ashikwe.

Vijana wakainama juu ya tundu, wakaita wote pamoja: "Kuya! Kuya huku! Kuya!"

Sauti ikajibu kutoka chini: "Ndi nya! Ndi nya!"

"Anasema anakuya!" mmoja akaruka. "Bwana asifiwe! Anakuya!"

Watu wakapiga makofi. Wakaita tena, kwa nguvu zaidi. "Kuya! Kuya!"

"Ndi nya!"

Mimi sikupiga makofi. Jibu la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza. La tatu lilikuwa dogo zaidi. Na maneno yale nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote mlangoni mwa nyumba yetu, baba akivaa kofia yake asubuhi. *Ndi nya.* Naenda. Kijana alikuwa haji kwetu. Gizani mle, sauti zikigonga ukutani na kurudi, alisikia watu wakubwa wakimwamuru kwa lugha yake aende, aondoke, na alitii kwa nguvu zake zote akimburuta mwenzake. Kila tulivyomwita, ndivyo alivyotukimbia. Na upande alikokuwa anakwenda, juu ya kichwa chake, ilikuwa ile mashine ikitikisa udongo.

Nikabana redio. Hapo ndipo kazi yangu yote ilipokusanyika katika pumzi moja. Kwangu mimi, Kazadi alikuwa anaenda. Kama ningemwambia Chen "anaenda", angeelewa kwamba kijana anajitenga na mashine, na angeendelea kuchimba. Ilibidi nitoke pale niliposimama, nikasimame alipo Chen.

"Chen! Lai! Lai!" nikapiga kelele. "Anakuja kwako! Simamisha kila kitu!"

Mngurumo ukakatika papo hapo. Hakuuliza hata swali.

Nikawaambia vijana wanyamaze. Hawakunyamaza. Mama Fideline akageuka, akawapa sauti moja tu, na kilima kizima kikawa kimya. Nikalala kifudifudi kwenye matope, na blauzi yangu ya ofisini, Fideline akanishika miguu, nikaingiza kichwa ndani ya tundu na kuita kwa sauti ya baba yangu:

"Kazadi! Luaku! Luaku!"

Njoo. Nikaita tena.

Kisha, kwa mbali sana, akauliza kwa Tshiluba mimi ni nani.

"Mimi ni mama yako wa Likasi," nikamjibu kwa lugha ile ile. "Geuka. Walikuwa wanakuita, hawakukufukuza. Geuka, ufuate sauti yangu."

"Wameniambia niende!"

"Najua. Ni Kiswahili cha huku, mwanangu, usikiamini. Luaku."

Ilibidi niendelee kusema ili apate cha kufuata. Lakini unamwambia nini mtu aliye gizani? Maombi yalikuwa mengi tayari. Nikamwambia juu ya baba yangu na kofia yake. Nikamwambia jinsi nilivyokuwa nikimgonga magotini badala ya kwenda dukani. Nikamwambia nyumbani kwangu kuna nshima, ugali wetu, na matamba ya majani ya muhogo vinamngoja.

Kukwaruza kwa gunia. Kisha sauti, karibu kuliko nilivyotegemea:

"Nshima ya mahindi tupu, mama, au umechanganya muhogo?"

"Nimechanganya!"

"Basi nakuja."

Nilitafsiri hilo kwa waliokuwa juu, na nawaambieni, sijawahi kutafsiri kitu kikapokelewa vile. Watu walicheka huku machozi yanawatiririka. Mama mmoja wa kanisa alikaa chini kabisa kwenye matope.

Walimfunga Kasongo kwanza, akapandishwa akiwa anafungua macho. Fideline akampiga kwa kitambaa cha kichwa, akambusu, akampiga tena. "Nilikuambia! Sikukuambia leo usiende?" Kasongo alijaribu kujibu, akaona hana nafasi. Kisha kamba ikateremka tena, ikapanda na Kazadi, mwekundu kwa udongo kutoka nywele hadi kucha. Alisimama akipepesa macho juani, akitafuta katikati ya watu wale wote. Aliponiona nimelala vile, kichwa kichafu kama chake, akasema, "Ni wewe," akaketi kando yangu.

Chen alikuja akizunguka kilima kwa mbio, matope hadi magotini.

"Lai?" akauliza.

"Lai," nikamwambia. "Wote wawili."

Akakaa chini naye. Tulikuwa watatu tumekaa matopeni tukicheka kama wendawazimu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.

Jioni nilimpigia simu Papa Mwansa kule Kapolowe, nikamsimulia yote bila kupumua. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Na weye ulikuwa umesimama fasi gani?"

"Kwa Chen," nikasema.

Akacheka hadi akakohoa. "Muzuri. Muzuri sana, mutoto yangu." Nilikuwa na wajukuu tayari, lakini nililala na neno hilo kama zawadi.

Baada ya siku ile tulikaa na wachimbaji, Chen na mimi, tukakubaliana nao mambo mawili. Kwenye hatari, hakuna kuya wala kuenda: mtu mmoja anaita kwa jina, wengine wanafunga mdomo. Na penye kila tundu la kutokea kining'inizwe kipande cha reli cha kugonga, mtu afuate mlio wa chuma, ambao hauna kabila. Nyinyi vijana mnaupita mlio ule kila Jumatatu wanapoujaribu na mnalalamika unawaumiza kichwa. Uacheni uumize.

Mguu wa Kasongo ulipona, ingawa mvua ikikaribia anautangaza kuliko redio. Kazadi alikula nshima yangu, ya kuchanganya, mpaka nikaona chini ya sufuria. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kusafiri hadi kwao Kasai, na zilifika vibaya: kwanza kwamba kijana amefunikwa na udongo, kisha kwamba yuko hai. Mama yake alisikia sauti yake kwenye simu na hakuiamini. Alisema simu inaweza kusema lolote. Akauza anachojua yeye, akapanda treni.

Tulikwenda wote stesheni kumpokea: Kazadi, Kasongo na fimbo yake, Fideline, mimi, na Chen aliyekuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama Kifaransa chake. Treni ilichelewa, kama desturi yake. Iliposimama, watu walimwagika na magunia, magodoro, mbuzi. Mwishoni akashuka mwanamke mdogo, mkavu, amebeba kikapu chenye kuku.

Kazadi akasema, "Mamu."

Yeye hakumkumbatia. Aliweka kikapu chini, akamzunguka mwanawe mzima. Akamshika masikio, moja moja. Akamgeuza viganja. Akamfinya shavu hadi akasema "aa!" Hapo ndipo akatupa kichwa nyuma na kupiga kigelegele ambacho wanawake wa stesheni nzima, wasiomjua, walikidaka na kukirusha juu ya mabehewa. Fideline alicheza. Kasongo alicheza, fimbo juu. Hata mkaguzi wa tiketi aligonga mguu kidogo, kisha akakumbuka amevaa sare.

Akauliza nani alimwita mwanawe. Wakanionyesha. Akanishika mikono yote miwili, akanigeuza viganja kama alivyomfanyia mwanawe.

Ili tusilie tena, nikamuuliza kwa lugha ya baba, "Mama, safari ilikuwaje?" Nilijua jibu. Njia ile ni ndefu. Treni inalala porini, maji yanakwisha, watu wanapigania pembe ya kukalia. Nilijitayarisha kumpa pole.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Safari gani, mwanangu? Mimi sikusafiri. Tangu nilipoweka mguu ndani ya treni nilikuwa ninafika. Nimefika njia nzima."

Chen akanigusa kiwiko. "Amesema nini?"

Nikafungua mdomo. Katika lugha zote ninazozijua, kufika ni kitu cha mara moja: uko nje, uko ndani, basi. Hakuna aliyewahi kukifanya kwa siku nyingi mfululizo. Nikamwambia vile vile, bila kukirekebisha: anasema amefika njia nzima.

Chen akalifikiria. Kisha akainama, akaokota kikapu cha kuku kwa mikono miwili, akamwelekeza mama yule penye gari kwa kidevu, kama mtu wa Koni, na kumwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Mama, endelea kufika. Gari iko pale."

Nikamtafsiria. Akacheka, akamshika mwanawe mkono, na akaendelea.